Mbwa Mwenye Mimba Akija Bomani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Ikutha)

Nimeombwa niongee juu ya mbwa. Nawaona wengine mnacheka, maana hapa tumezoea kuongea juu ya mbuzi, mabwawa ya mchanga na miche ya miembe. Lakini mbwa ndiye anayelala nje fisi wakizunguka zizi, na mbwa huyo huyo anaweza kumuua mtoto wako kwa kumuuma mara moja tu. Kwa hivyo tuongee.

Mbwa ninayetaka tumfikirie ni yule asiye na mwenyewe. Mwamjua. Anatokea sokoni au kando ya barabara ya Kibwezi, mbavu zaonekana, tumbo limeshuka, chuchu zimevimba. Sisi hufanya mambo mawili: tunamrushia mawe, au tunamwacha aende akazalie vichakani. Yote mawili yanatuletea hasara.

Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu wote wanaopata ugonjwa huu, 99 kwa kila 100, wameambukizwa na mbwa, na kati ya wanaoumwa na mbwa wa kushukiwa, 4 kwa kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mwaka wa 2014 serikali yetu ilianza mpango wa kumaliza vifo hivi ifikapo 2030, na Kitui, Makueni na Machakos ni kati ya kaunti zilizochaguliwa kuanza. Silaha kubwa ya mpango huo ni chanjo. Mbwa 70 kwa kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Sasa sikilizeni hapa. Watafiti waliochunguza mbwa wa Machakos miaka ya 1990 waliona kwamba mbwa wetu wa vijijini hawaishi sana. Wanakufa mapema, na wengine wanazaliwa kujaza nafasi. Maana yake ni kwamba mwaka huu mmechanja mbwa 70, mwakani baadhi yao wamekufa, na mahali pao pana wadogo ambao hawajaona sindano. Jike mmoja akizalia kichakani anaweza kuleta sita au wanane ambao hakuna mtu amewahesabu. Wale ndio tundu kwenye ua. Na msiniambie ati tuwatilie sumu tumalize. Ukiua wa hapa, wa kwingine wanakuja kula takataka zile zile, tena unaweza kuua hata wale waliokwisha chanjwa.

Kikundi chetu kilimchukua mmoja. Kulikuwa na ubishi. Mama mmoja alisimama akauliza, ‘Tutalisha mbwa na watoto wanataka karo?’ Swali lile lilikuwa la haki. Tukakubaliana kila boma litoe ukoko wa sufuria na mabaki ya muthokoi, kwa zamu, na pesa za chama zitumike kwa dawa peke yake. Mwaka wa njaa kali nisingewashauri mjaribu bila kuhesabu kwanza, kwa sababu mbwa anayenyonyesha anakula. Wadogo wakifika wiki ya tatu au ya nne, mama yao anataka chakula mara mbili hata mara tatu ya kile cha kawaida. Usipompa, anawala mayai ya jirani, halafu kesi inafika kwa chifu.

Kabla ya kumchukua, mwangalie kwa mbali. Mbwa anayeyumba, anayetoa udenda mwingi, anayeuma vijiti na mawe, au aliyebadilika sauti, usimkaribie. Mwite afisa wa mifugo. Hata anayeonekana mzima, mweke peke yake, usimpe mtoto kazi ya kumlisha. Ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi, bila kuonekana. Mtu akiumwa au akikwaruzwa, osheni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha mwiba. Na sindano zimalizwe zote. Wengi hupata ya kwanza, wakiona hawaumwi, hawarudi.

Mimba ya mbwa ni kama siku 63, yaani miezi miwili tu. Kwa hivyo ukimwona tumbo limeshashuka, huna muda. Mtengenezee mahali pakavu penye kivuli, mbali na njia ya watu, umtandikie gunia kuukuu. Kampeni ya chanjo ikifika wakati ana mimba, mpelekeni. Mimba peke yake si sababu ya kumruka. Akianza kuzaa, kaeni mbali. Umati wa watoto wakichungulia unaweza kumfanya awahamishe wadogo au hata awadhuru.

Wadogo wanazaliwa vipofu na viziwi, na hawawezi kujitia joto wenyewe. Usiku wa baridi wa mwezi wa saba unawamaliza haraka kuliko njaa. Macho yanafunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Wiki ya pili waanzeni dawa ya minyoo, na mama yao pia, mkirudia kila wiki mbili mpaka waondoke. Minyoo ya mbwa inaingia kwa watoto wetu wanaocheza mchangani, msidhani ni shida ya mbwa peke yake. Dawa nunueni kwa kumweleza mwenye duka uzito wa mbwa. Na viroboto msiwaoshee kwa dawa ya kuogeshea ng’ombe. Inaua mtoto wa mbwa. Mtoeni viroboto kwa mkono na sabuni.

Wiki ya nne wapeni uji mzito na mchuzi wa omena kidogo kidogo. Matumbo mabichi ya mbuzi msiwape, kwa sababu ya minyoo inayoleta uvimbe mkubwa ndani ya mwili wa binadamu. Chemsheni.

Kutafuta nyumba ndiyo kazi kubwa, nayo inaanza kabla hawajazaliwa. Sisi tulikuwa na daftari. Anayetaka aliandikwa jina, boma lake na kazi anayotaka mbwa afanye: kuchunga mbuzi, kufukuza nyani shambani, kulinda duka. Hakuna aliyepewa kabla ya wiki nane, hata wale waliosema wanasafiri kesho. Anayemchukua mapema anamchukua mgonjwa. Masharti yalikuwa machache: atampeleka kwenye chanjo ya kichaa kila mwaka, hatamfunga kwa waya mchana kutwa, na akimshinda atamrudisha kwetu, hatamtupa sokoni.

Wa kiume walikwisha siku moja. Wa kike walibaki. Hapa nataka tuambiane ukweli, wenzangu. Yule tuliyemwokota alikuwa sokoni kwa sababu kuna mtu alikataa jike. Tunamtupa mdogo wa kike, anakua, anazaa huko huko, halafu tunalalamika mbwa koko wamejaa. Jike analinda zizi sawa na dume. Shida ni kuzaa, na daktari wa mifugo anaweza kumfunga kizazi. Kwa boma moja gharama ni nzito, lakini vikundi vitatu vikikusanya majike yao siku moja na kumwita daktari mara moja, nauli mnaigawana. Kule Nairobi shirika la KSPCA limekuwa likiokota wanyama na kuwatafutia nyumba kwa miaka mingi. Sisi hatuna jengo kama lao, lakini tuna vikundi vinavyokutana kila mwezi, na kila mtu anajua boma la mwenzake.

Sasa nachukua maswali. Na kabla sijasahau: wawili wa kike bado wako nyumbani, mmoja mweusi na mwingine wa rangi ya mchanga. Wametimiza wiki kumi na wamekunywa dawa ya minyoo. Anayewataka anione hapa baada ya mkutano tumwandike, na aje na kamba.