Mashairi Yasizikwe na Wazee



Tukiulizwa ni shairi gani tulipendalo, sisi twajibu: utendi alioutunga Mwana Kupona mwaka 1858, hali mgonjwa, kumuusia binti yake. Hakuwa na mtambo wa kupiga chapa. Kina mama waliuhifadhi moyoni, ukanakiliwa, ukatufikia.

Naye marehemu Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alitunga kwa Kiswahili siku ambazo lugha ya wakubwa ilikuwa Kiingereza. Heshima hiyo hatukupewa na mtawala, tulikuwa nayo.

Lakini mzee akizikwa na beti zake ambazo hazikuandikwa, nani atazirudisha? Basi kila tawi lichukue daftari, liende kwa wazee, liandike. Jambo hili halingoji fedha.

Uhuru na Kazi!