Mzigo wa Vitabu Vyuoni na Swali Ambalo Wazazi Hawajazoea Kuuliza

Mada kwa wazazi, walezi na vijana wanaojiandaa kujiunga na vyuo, Kabanga, Wilaya ya Ngara



Kila mwaka msimu wa vyuo kufunguliwa unapowadia, hapa Kabanga huonekana jambo lile lile. Kijana aliyechaguliwa kujiunga na chuo kikuu husimama kando ya begi jipya akisubiri basi, huku mama, shangazi na wadogo zake wakimzunguka. Ndani ya begi mna shuka, maharage ya nyumbani na bahasha ya vyeti. Ikiwa anakwenda Dar es Salaam, safari yake ni zaidi ya kilometa 1,200, kupitia Nyakanazi, Kahama, Singida na Dodoma. Familia imekwisha kuhesabu nauli, ada na kodi ya chumba. Kitu kimoja aghalabu hakimo katika hesabu hiyo, nacho ni kitabu.

Sababu yake inaeleweka. Tangu Januari 2016 elimumsingi hutolewa bila ada hadi kidato cha nne, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 utaratibu huo umefika kidato cha tano na cha sita. Vitabu vya kiada vya shule huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kusambazwa kwa fedha za Serikali. Mwanafunzi huazimwa kitabu, akakisoma, kisha akakirejesha. Mzazi aliyemsomesha mtoto kwa utaratibu huo ana haki ya kudhani kwamba chuoni mambo ni vivyo hivyo. Huko, hata hivyo, mhadhiri hutoa orodha ya vitabu siku ya kwanza, na kuanzia hapo kila mwanafunzi hujitafutia.

Mzigo huo una uzito wa namna tatu: uzito wa mkononi, uzito wa mfukoni na uzito wa moyoni.

Uzito wa mkononi ndio unaoonekana kwanza. Mwanafunzi wa udaktari hukutana na vitabu kama Gray's Anatomy, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1858 na ambacho hutolewa upya mpaka leo. Kile cha fiziolojia cha Guyton, kilichotoka mwaka 1956. Na kile cha magonjwa ya ndani cha Harrison, cha mwaka 1950. Kila kimoja kina kurasa zaidi ya 1,000. Abiria wa basi la mikoani anaruhusiwa mzigo wa kilo 20 bila malipo ya ziada, na vitabu vya namna hiyo vikifungwa pamoja huchukua sehemu kubwa ya kilo hizo. Hivyo kijana anayerudi likizo hulazimika kuchagua: aviache vitabu kwa rafiki, au avibebe na kulipia mzigo. Wengi huviacha, wakaja nyumbani mikono mitupu, na wiki nyingi za likizo zikapita bila kusoma.

Uzito wa mfukoni hauonekani kwa macho, lakini unahesabika. Katika miongozo ya miaka ya karibuni, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikitenga hadi shilingi 200,000 kwa mwaka kwa ajili ya vitabu na viandikwa. Mwanafunzi mwenye masomo 10 kwa mwaka, matano kila muhula, akizigawa sawasawa hupata shilingi 20,000 kwa kila somo, na humo atoe pia daftari, kalamu na gharama za kuchapisha kazi. Kitabu kimoja kipya cha tiba au uhandisi kilichoagizwa kutoka Ulaya au Marekani kinaweza kuzimaliza fedha zote hizo, na pengine zisitoshe. Wananchi wa Kabanga, wanaoishi jirani na forodha ya mpaka wa Burundi, wajue kwamba ushuru wa forodha si chanzo cha bei hiyo, kwa kuwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kiwango cha ushuru kwa vitabu vinavyoingizwa ni asilimia sifuri. Bei hutokana na mchapishaji, usafirishaji na uchache wa wanunuzi.

Kwa mwanafunzi asiye na mkopo, fedha hiyo hutoka katika buni, ndizi na maharage ya nyumbani. Mwenye mkopo naye huimega kutoka katika fedha za kujikimu, ambazo vijana huziita "bumu". Akinunua kitabu, hupunguza mlo. Akilinda mlo, hutegemea vitini vya mhadhiri na yale wanafunzi wenyewe huyaita "madesa", yaani muhtasari unaopita mkono kwa mkono. Muhtasari humsaidia kukumbuka alichokwisha kukielewa. Asichokielewa hauwezi kumfafanulia.

Wengine hukimbilia mashine ya kunakili. Hata kwa bei ndogo ya shilingi 50 kwa ukurasa, kitabu cha kurasa 600 hugharimu shilingi 30,000, na kinachopatikana ni bunda la karatasi zisizo na jalada. Isitoshe, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda jasho la waandishi, na kunakili kitabu kizima ni kulidhulumu jasho hilo.

Uzito wa moyoni ndio mkubwa kuliko yote, kwa kuwa hubebwa kimya. Hebu afikiriwe kijana wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo kikuu. Katika kikundi cha kujisomea, wenzake wanafungua vitabu. Yeye anafungua daftari. Wanapotaja ukurasa, anaitikia kwa kichwa. Usiku huenda maktaba kusubiri kitabu kinachoazimwa kwa saa chache, na zamu yake ikifika, mlango unakaribia kufungwa. Matokeo ya mtihani yakiwa hafifu, hujiona mjinga, ilhali alichokikosa ni kitabu. Simu ya nyumbani ikilia, mama anauliza, "Umekula?" Anajibu kwamba amekula. Baba anauliza, "Ada imekamilika?" Anajibu kwamba imekamilika. Majibu yote mawili huenda ni ya kweli. Hakuna aliyemwuliza kuhusu kitabu, na yeye anaona aibu kuomba tena, akikumbuka mbuzi waliouzwa ili apate nauli.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye mbali na mzigo huuona mwepesi. Nyumbani Kabanga mzigo huu huonekana mwepesi kwa sababu hakuna anayeutaja.

Yapo mambo yanayoweza kufanyika kuanzia sasa.

La kwanza ni nyaraka za mkopo. Maombi yanahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, pamoja na fomu iliyothibitishwa na uongozi wa serikali ya mtaa au kijiji na Kamishna wa Viapo. Kijana asisubiri siku ya mwisho ndipo amtafute mtendaji wa kijiji. Kaya iliyo katika mpango wa TASAF ieleze hivyo katika maombi, kwa kuwa hali ya kaya huzingatiwa. Fedha za vitabu ni sehemu ya mkopo. Fomu yenye kasoro huweza kuzichelewesha au kuzikosesha.

La pili ni subira katika kununua. Mwanafunzi asinunue kitabu kabla ya kumsikiliza mhadhiri na kuuliza waliotangulia. Vipo vitabu vinavyohitajika kwa sura mbili tu, na hivyo vinatosha kusomwa maktaba. Mara nyingi toleo la zamani hutofautiana kidogo tu na jipya na hupatikana kwa bei nafuu kwa wanaohitimu. Wanafunzi watatu wanaoishi pamoja wanaweza kununua kitabu kimoja na kukisoma kwa zamu.

La tatu ni vitabu vya mtandaoni vilivyo halali. Chuo Kikuu cha Rice nchini Marekani kilianzisha mwaka 2012 mradi wa OpenStax, unaotoa bure vitabu vya fizikia, kemia, baiolojia, hisabati na uchumi. Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa Hinari mwaka 2002, nao hufungulia vyuo vya nchi kama Tanzania majarida na vitabu vya afya. Mwanafunzi amwulize mkutubi wa chuo namna ya kuingia. Ni kweli kwamba kusoma kurasa 600 kwenye simu ndogo huchosha macho na bando huisha. Kwa hiyo ni busara kupakua kitabu ukiwa chuoni penye mtandao, kisha kukisoma likizoni bila gharama. Kitabu cha namna hiyo hakiongezi hata gramu moja kwenye begi.

La nne liko mikononi mwa wana-Kabanga wenyewe. Katika nyumba kadha wa kadha za wilaya hii, vitabu vya waliohitimu vimelala juu ya kabati, vikiliwa na mchwa. Walimu, wauguzi, wahasibu na mafundi waliosoma kwa vitabu hivyo wanaweza kuviazima kwa vijana wanaoanza masomo yale yale. Orodha moja katika daftari, yenye jina la kitabu, mwenye nacho na anayekisoma, inatosha kuanzia. Vijana nao wakumbuke kwamba kuazima ni arusi, kulipa matanga. Asiyerejesha humfungia mlango anayemfuata.

Wilaya ya Ngara inahitaji watu wake waliosoma hadi mwisho. Hospitali zinahitaji waganga, shule zinahitaji walimu wa sayansi, na mradi wa nikeli wa Kabanga, ambao mkataba wake na Serikali ulitiwa saini Januari 2021, unahitaji wahandisi na wajiolojia. Itakuwa hasara ya wote ikiwa kijana aliyefaulu kwa juhudi zake atarudi nyumbani kwa sababu ya kitabu ambacho mtu wa kijiji cha pili alikuwa nacho juu ya kabati.

Basi, basi la asubuhi litakapoondoka tena na vijana, wazazi waendelee kuuliza yale mawili waliyoyazoea, la chakula na la ada. Lakini waongeze la tatu: "Mwanangu, unasoma kitabu gani, na umekipata wapi?" Swali hilo halitalipa bei ya kitabu. Litamfungulia kijana mdomo, na akishasema, wa kumsaidia watapatikana.