Jina la Shirazi na Akina Mama Wasioandikwa
Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, Malvern, Johannesburg



Kamati imenitaka nieleze asili ya jina letu, kisha nitoe shauri juu ya pendekezo la vijana kwamba mfuko wa ukoo ulipie vipimo vya vinasaba. Pendekezo hilo halikutokana na mchezo. Septemba 2019, maduka na magari yalipochomwa katika Mtaa huu wa Jules, watoto wetu waliambiwa warudi kwao. Walirudi nyumbani wakatuuliza kwao ni wapi. Swali hilo lilistahili jibu bora kuliko tulilowapa wakati ule.

Nimetumikia masijala ya serikali kwa zaidi ya miaka ishirini, na mtu wa masijala hulijua jambo moja: majina mengi ya ukoo yalizaliwa mezani kwa karani. Wazee wetu wa Kilwa hawakuwa na jina la ukoo kwa maana ya fomu za leo. Mtu aliitwa kwa jina lake, bin baba yake, bin babu yake, na kila kizazi kilipopita jina la nyuma lilidondoka. "Shirazi" ilikuwa nisba, yaani neno la kueleza mtu anajinasibisha na wapi. Lilitajwa kwenye posa, kwenye mirathi, au mgeni alipouliza. Zilipokuja pasipoti, kisanduku cha mwisho kikataka kujazwa. Tawi la Mombasa likaandika Shirazi, nasi tuliokuja huku tukalifuata. Tawi la Kilwa Kivinje likaandika jina la babu. Walio Maskati wakatanguliza "Al". Wajukuu wa mtu mmoja leo wanasimama kwenye foleni tatu za uwanja wa ndege. Anayeutafuta ukoo huu kwa kufuata herufi peke yake atawapoteza nusu ya jamaa, na ataokota wengi wasiotuhusu, kwani Washirazi wa mwambao ni wengi. Neno hilo lilikuwa na uzito hata likaingia katika jina la chama, Afro-Shirazi Party, kilichoundwa Zanzibar mwaka 1957.

Je, jina lina ukweli? Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba Sultani Ali bin al-Hassan, baba yake na ndugu zake walitoka Shiraz kwa merikebu saba, na kwamba kisiwa cha Kilwa kilinunuliwa kwa nguo za kukizunguka chote. Kwa miaka mingi wataalamu waliiona kuwa hadithi ya kujitukuza. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya mwambao kati ya mwaka 1250 na 1800, zikiwamo Mtwapa, Manda, Faza, Songo Mnara na Kilwa. Miongoni mwa waliouongoza ni Profesa Chapurukha Kusimba, mwana wa Kenya. Walikuta kwamba watu wengi miongoni mwao walikuwa mchanganyiko wa Afrika na Asia, kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000, na kwamba sehemu kubwa ya asili ile ya Asia ilitoka Uajemi, kwa njia ya wanaume. Wazee wetu, basi, hawakutudanganya.

Lakini msishangilie nusu ya habari. Uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba upande wa mama ulikuwa, kwa sehemu kubwa mno, wa Afrika. Na masimulizi ya wenyeji wa Kilwa yanasema vivyo hivyo: mgeni alimwoa binti wa Mrimba, mwenye kisiwa. Sisi tumezikariri merikebu saba kwa miaka elfu, na bibi harusi tumemwachia jina la baba yake tu. Tena, watafiti hao walikuta kwamba wanaojiita Waswahili leo wamerithi kutoka kwa watu wale wa kale kwa viwango vinavyotofautiana sana. Jina Shirazi kwenye pasipoti halithibitishi chochote juu ya mwenye pasipoti.

Sasa nije nyumbani kwetu, mahali ambapo najua baadhi ya wazee wangependa nipite haraka. Katika rasimu ya mti wa ukoo, juu ya babu yangu kuna jina la baba yake, na upande wa mama kuna mstari mtupu. Wazee wawili wameomba ubaki mtupu. Kwa heshima zote, siafiki. Kilwa Kivinje ilikuwa katika karne ya 19 bandari kubwa ya watumwa waliotolewa pande za Ziwa Nyasa, na wengi hawakuvuka bahari. Walibaki katika nyumba za pale pale. Mama wa babu aliingia nyumba ile akiwa mtoto aliyenunuliwa, kisha akawa suria. Kwa sheria tuliyoifuata, mtoto aliyezaliwa na suria kwa bwana wake alikuwa huru na halali, akirithi sawa na wana wa mke wa nikahi, naye alilichukua jina la baba zima zima. Ndiyo sababu hakuna doa lililoonekana kwetu. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini yeye alikuwa ameshafutwa kwenye nasaba kabla ya hapo.

Shangazi yetu mkubwa, aliyeko Kilwa Masoko na aliyevuka miaka tisini, alimwona alipokuwa mtoto. Anasema bibi yule alipopima mchele alihesabu kwa Kiyao, kwa sauti ndogo. Huo ndio ushahidi wote tulio nao juu yake, nami nauona una thamani kuliko cheti.

Vipimo vinaweza kutusaidia, ila tujue vinavyofanya kazi. (Neno vinasaba limetoka katika nasaba, waliolibuni walijua walilofanya.) Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, njia ile ile linayopita jina. Mwanamume mmoja wa Mombasa na mmoja wa Kilwa Kivinje wakipimwa, tutajua kama matawi hayo yana baba mmoja. Inatosha, hakuna haja ya kuwapima wanaume arobaini. Vinasaba vya mitokondria hupitia kwa mama, lakini mwana wa kiume hawapi watoto wake. Kwa kuwa mama yule tunaunganishwa naye na babu, sisi sote tulioketi hapa hatuna mitokondria yake. Wanayo wazao wa dada yake babu, aliyeolewa Lindi: binti yake, na binti wa binti. Hao hatujawahi kuwaalika kwenye mkutano, kwa sababu hawana jina letu.

Mimi nimebeba takriban sehemu moja ya nane ya bibi yule, wanangu moja ya kumi na sita, wajukuu nusu ya hiyo. Asilimia zinazopendeza kwenye ramani za rangi hutegemea kampuni inamlinganisha mtu na nani, na akiba za kampuni hizo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Majina ya asili huweza kuwa ya bandari tu. Jirani zetu wa Durban walioitwa Wazanzibari walikuwa wengi wao Wamakua waliookolewa utumwani na kuletwa kutoka Zanzibar kuanzia mwaka 1873. Serikali ya ubaguzi ikawaandika kuwa watu wa Asia, na miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth.

Tena kuna usalama. Kampuni ya 23andMe iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 6.9 mwaka 2023, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Na huko Tanzania vipimo vya vinasaba vinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2009, kwa hiyo asitokee kijana akakusanya mate ya jamaa wa Lindi ndani ya mfuko wa rambo.

Shauri langu ni kwamba fedha za mwaka huu zimlipie nauli kijana mmoja aende Kilwa Masoko na kinasa sauti, akakae na shangazi wiki mbili, kisha ashuke Lindi awatafute jamaa zetu wale. Vipimo vitatu vifuate baadaye, kwa hiari yao. Fomu mpya za mti wa ukoo ziko kwa katibu, pale mlangoni. Mtaona safu ya mama imetangulia ya baba. Naomba asiyemjua mama wa babu yake aichukue hivyo hivyo, na ampigie simu mzee wake leo kabla ya magharibi.