Kupungua kwa Soko na Amana za Waliohama

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa Jumuiya yetu, Biwi, Lilongwe

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Halmashauri imenipa jambo la kusema, nalo ni habari ya maduka yanayofungwa. Yamkini wako watakaostaajabu kumsikia sheikh akizungumza habari za maduka. Lakini Mtume wetu alikuwa mfanya biashara kabla ya kupewa utume, na alipohamia Madina aliwatengea Waislamu mahali pa soko, asitake watozwe kodi ya kuweka bidhaa zao pale. Tena iko sura nzima katika Qurani Tukufu, Sura ya Al-Mutaffifin, ambayo huanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Dini iliyotazama hata kibaba na mizani haiwezi kufumba macho duka linapofungwa na watu wa nyumba wakakosa riziki.

Ndugu zangu, hali ya soko mwaiona wenyewe. Atokaye hapa Biwi, akapita Triangle, akaelekea Old Town, atahesabu milango iliyofungwa kwa kufuli lenye kutu. Vibaraza vilivyokuwa na vyerehani viwili au vitatu sasa vina kimoja. Mwenye duka la jumla hukaa tangu asubuhi hata adhuhuri, na wanaoingia ni waulizao bei tu. Mama auzaye maandazi, ambayo hapa huitwa mandasi, ameyapunguza ukubwa hata mtoto huuliza kama ni yale yale ya jana. Haya si mambo ya mtaa mmoja, wala si ya watu wa lugha moja. Basi yatupasa kwanza tuzijue sababu zake, maana mganga asiyeuliza ugonjwa huongeza ugonjwa.

Sababu ya kwanza ni fedha yenyewe. Mwezi wa Mei 2022 thamani ya kwacha ilipunguzwa kwa asilimia 25. Novemba 2023 ikapunguzwa tena, na dola moja ya Kimarekani iliyokuwa kwa kwacha 1,180 hivi ikawa kwa kwacha 1,700. Fikirini habari ya mwenye duka aliyelala usiku ule akiwa na kwacha 1,180,000 sandukuni. Fedha hizo zilikuwa sawa na dola 1,000. Alipoamka zilikuwa sawa na dola 694. Hakuibiwa, hakucheza kamari, hakumkopesha mtu. Lakini karibu theluthi moja ya uwezo wake wa kuagiza mali ilikuwa imekwisha kwenda. Na huo ni mfano wa mtu aliyeweza kuzipata dola kwa bei ya benki. Aliyezikosa huko akazitafuta kando alizinunua ghali zaidi, na gharama ile ikamwangukia mnunuzi wa sabuni na mafuta.

Sababu ya pili ni mnunuzi. Mwaka 2023 kimbunga Freddy kiliharibu vibaya upande wa kusini wa nchi. Mwaka 2024 mvua zikakosekana, hata mwezi wa Machi serikali ikatangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28. Katika sehemu kubwa ya mwaka huo bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 30 zikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Nchi hii watu wake walio wengi hula kwa jembe. Mahindi yakikosa kuota Dowa na Kasungu, nguo hazinunuliwi Lilongwe. Mwenye mshahara naye, akiisha kununua unga, hana la kumpelekea mshonaji.

Sababu ya tatu ni umbo la mji wetu na njia za kuufikia. Lilongwe ilipofanywa makao makuu ya nchi mwaka 1975, mahali pa Zomba, ilipangwa kwa kutawanywa: Old Town huku, City Centre kule, na mitaa kila mmoja na nambari yake, mbali na mwenziwe. Mwenye gari huenda kwenye maduka makubwa yenye uwanja wa kuegesha, na mwenye miguu hupiga hesabu ya nauli ya minibasi, akaona kuwa nauli yataka kuwa sawa na kile anachokwenda kununua. Bidhaa nazo hutoka mbali. Nyingi katika hizo huja kwa njia ya Dar es Salaam, zikapita Mbeya na Karonga hata kufika kwetu. Mwaka 2025 tuliona jinsi njia hiyo ilivyo nyembamba: Malawi ilizuia baadhi ya mazao ya nje mwezi wa Machi, Tanzania ikajibu mwezi wa Aprili kwa kuzuia mazao ya Malawi, mpaka nchi mbili zikazungumza na zuio likaondolewa.

Sababu ya nne ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tulioketi hapa. Malawi iliingia katika mkataba wa wakimbizi mwaka 1987, lakini iliweka masharti yake juu ya kazi na mahali pa kukaa. Kwa hivyo kisheria mkimbizi makao yake ni kambini, nayo kambi ni Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu elfu kumi na kidogo, na leo ina watu zaidi ya 50,000. Kwa miaka mingi wengi walitoka wakafungua maduka hapa mjini, nao walilipa kodi ya pango, waliuza kwa bei ya chini, na walikopesha. Mwaka 2021 ilitoka amri warudi, mahakama ikaisimamisha. Mwezi wa Machi 2023 ikatoka tena, ikiweka mwisho tarehe 15 Aprili, na mwezi wa Mei polisi wakaanza kuwakusanya. Wengine walipitia gereza la Maula kabla ya kufikishwa Dzaleka. Maduka yakafungwa kwa siku moja.

Sikusimama hapa kuhukumu amri ya serikali. Wako wenyeji waliosema kuwa wageni walikuwa wamewazibia njia ya kuchuma, na maneno ya mwenyeji hayafai kudharauliwa katika nchi yake. Wala nchi hii haikuanza jana kuhamisha maduka kwa amri. Katika miaka ya 1970 wafanya biashara wenye asili ya Asia walitakiwa waondoke wilayani, wakae katika miji michache mikubwa. Lakini twaweza kutazama yaliyofuata. Mlango wa mgeni ulipofungwa, je, wa mwenyeji ulijaa? Baadhi walipata wateja wapya, ni kweli. Lakini mwenye nyumba alikosa kodi yake, mbeba mizigo alikosa mzigo, na mama wa mandasi alikosa wale waliokunywa chai kibarazani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Soko ni kama mtungi wa maji uliokaa juu ya mafiga matatu: ukiondoa figa moja, yale mawili hayapati nafasi zaidi, bali mtungi huanguka.

Nchi hii yenyewe ina ushahidi mwingine. Katika karne ya 19 Nkhotakota, kando ya ziwa, ilikuwa bandari kubwa ya wafanya biashara wa pwani chini ya akina Jumbe. Kutoka huko Uislamu ulienea kwa wengi, na hilo twalishukuru. Lakini biashara yake ilisimama juu ya pembe za ndovu na juu ya shingo za watumwa, na karne ile ilipokwisha, ukubwa wa soko lile ulikwisha nao. Soko huanguka kwa njaa, na huanguka kwa vita. Lakini lijengwalo juu ya dhuluma huanguka bila kuacha mtu wa kulilia.

Hapo ndipo nifikapo kwenye shabaha ya maneno yangu. Thamani ya kwacha hatuwezi kuipandisha sisi, wala mvua hatuwezi kuileta ila kwa dua. Lakini liko jambo moja lililo mikononi mwetu kabisa, nalo ni amana za waliohama.

Mnajua nisemalo. Siku zile za Mei 2023 maduka yalifungwa haraka. Majokofu, vyerehani, mabati, na mafurushi ya vitenge viliachwa kwa majirani. Kodi za miezi ya mbele zilikuwa mikononi mwa wenye nyumba. Na madaftari ya madeni yalikuwa yamejaa majina, na mengi katika majina hayo ni ya mtaa huu. Wako waliorudisha kila kitu, Mwenyezi Mungu awalipe. Wako pia walionyamaza. Wengine husema, “Mwenyewe hayupo.” Dzaleka si ng'ambo ya bahari, ni kiasi cha kilomita 45 kutoka hapa, na simu ya mkononi hupeleka fedha huko kabla chai haijapoa. Wengine husema, “Aliondolewa na serikali, si mimi.” Naam, aliyeondolewa ni mtu. Deni lake halikuondolewa pamoja naye.

Kumbukeni usiku wa Hijra. Watu wa Makka walikuwa wamekusudia kumwua Mtume, na pamoja na hayo mali zao walikuwa wameziweka kwake, kwa kuwa hawakumpata mwaminifu kumpita yeye. Alipotoka hakuzichukua. Alimwacha Sayyidna Ali azirudishe kwa wenyewe, mmoja mmoja. Ikiwa aliyefukuzwa alirudisha amana za waliomfukuza, yule aliyebaki nyumbani kwake salama ana udhuru gani wa kuzuia amana ya jirani aliyehamishwa?

Basi naiomba Jumuiya mambo matatu.

La kwanza, uandikwe mkono mmoja wa daftari, ukae msikitini, chini ya wazee watatu, na mmoja wao awe Mmalawi mwenyeji. Kila mwenye deni au amana ya aliye Dzaleka aandikishe kabla ya Ramadhani ijayo. Asiyeweza kulipa yote aseme kiasi awezacho kwa mwezi. Qurani, katika Sura ya Al-Baqara, imetuamrisha tumpe muhula mdaiwa mwenye dhiki. Lakini muhula huombwa, haujichukuliwi. Na sura hiyo hiyo imetuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Wazee wetu nao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili, mwenye mali asifiche sukari wala mafuta akingoja bei ipande. Kupandisha bei kwa sababu umenunua ghali si dhambi. Kufungia chakula ghalani watu wakiwa na njaa ni dhambi iliyo wazi.

La tatu, wenye mitaji midogo wasife kila mmoja peke yake. Sheria yetu yajua ushirika: huyu atoe fedha, yule atoe kazi, faida igawanywe kwa mapatano yaliyoandikwa. Maduka mawili yanayokufa yaweza kuwa duka moja lililo hai. Na ushirika huo usiangalie kabila wala lugha.

Ndugu zangu, mteja hurudi penye bei nafuu, lakini hukaa penye uaminifu. Fedha itakapotengenea, na mvua zitakaponyesha, watu watatafuta soko la kuliamini. Na waliajue la Biwi kuwa ndilo, kwa kuwa hata siku za dhiki halikula mali ya asiyekuwapo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aibariki nchi hii na mvua zake, awape subira walio kambini, azifungulie riziki nyumba zilizofungwa, na atujaalie tufe hali hatudaiwi. Amin.