Inanguruma Lakini Haisongi

Kasikeu, huko Makueni, haina bandari. Kutoka huko hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 350 za lami, na mito yake mingi hukauka ikabaki mchanga mtupu. Hata hivyo, mji jirani wa Sultan Hamud umebeba jina la Hamud bin Mohammed, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902. Jina la mtawala wa visiwa limekita katikati ya nchi kavu, na wenyeji hawaoni ajabu. Msikilizaji wa Kasikeu basi asishangae maoni ya leo yakizungumzia injini ya boti.

Ni kwamba maji yanasogea. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza 2018 karibu na mahali Mto Thwake unapomwaga katika Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, limebuniwa liwe na ukuta wa zaidi ya mita 80. Likijaa, wa ng'ambo hii watataka kuvuka kwenda ng'ambo ile, na wengine watataka kuvua. Kaskazini zaidi, Masinga ni bwawa tangu 1981 na wavuvi wake wanajulikana. Na injini mpya ni ghali. Zitakazotangulia kufika zitakuwa za mtumba: zimeshachoka Mombasa au Homa Bay, zimepakwa rangi, zikapandishwa kwenye pikapu.

Nyingi zitakuwa za aina ambayo wavuvi wa Afrika Mashariki wameiamini kwa miaka mingi, Yamaha Enduro, za nguvu za farasi 15 au 40, zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili. Hazina kompyuta. Zina kabureta, plagi na kamba ya kuvuta. Mkulima wa Kasikeu aliyewahi kuburuta pampu ya petroli hadi kwenye kisima cha mtoni anajua nusu ya ugonjwa wa injini hizi: inawaka kwa mvuto mmoja, inaimba vizuri ikiwa taratibu, lakini ikiongezwa moto ili ipandishe maji, inakabwa. Tofauti ni matokeo. Pampu ikigoma, sukuma wiki hunyauka. Injini ikigoma katikati ya bwawa upepo ukivuma, kuna watu ndani ya boti.

Mafundi wengi wana pupa. Wakiambiwa injini imepoteza nguvu, mkono wao huenda moja kwa moja kwenye spana, na baada ya saa moja kabureta iko vipande vipande juu ya gunia. Mtindo huo unastahili kukemewa. Injini kuukuu haifai kufunguliwa kabla mwenyewe hajajibu swali moja: sauti yake imepungua, au imeongezeka huku boti ikibaki nyuma? Hayo ni maradhi mawili yasiyo na undugu.

Tuanze na ile ambayo sauti yake imepungua. Injini iliyowaka vizuri, ikakimbia dakika tano hivi, kisha ikafifia polepole, karibu kila mara ina njaa ya petroli. Juu ya kifuniko cha tangi kuna skrubu ndogo ya kupumulia. Ikisahauliwa ikiwa imefungwa, petroli inatoka bila hewa kuingia kuchukua nafasi yake, tangi linajivuta ndani, na mafuta hatimaye yanagoma. Wapo walionunua kabureta nzima kwa sababu ya skrubu hiyo, ambayo kuilegeza ni bure.

Shahidi wa pili ni kile kibofu cha raba kilicho kwenye mpira wa mafuta, kinachominywa kabla ya kuwasha. Kikinywea na kubaki bapa, kizuizi kiko upande wa tangi: ni skrubu ileile, au chujio, au mpira uliojikunja. Kikibaki legevu hata baada ya kuminywa mara nyingi, kuna hewa inayopenya mahali fulani, mara nyingi kwenye kiungo kilichochakaa. Na ikiwa nguvu inarudi msaidizi anapokiminya boti ikiwa mwendoni, basi mgonjwa ni pampu ya mafuta ya injini yenyewe. Utando wake wa ndani umekakamaa au umetoboka. Mwenye haraka na aazime tangi na mpira wa jirani ambavyo vinafanya kazi, akatembee navyo. Injini ikipona, imeshajulikana kwamba kasoro haimo ndani yake.

Halafu petroli yenyewe. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na petroli na dizeli ili kujipatia faida. Mafuta ya taa hayavumilii mgandamizo kama petroli. Huwaka kwa pupa ndani ya silinda, injini ikagonga, ikachemka na kupungua nguvu. Kipimo cha kienyeji ni tone moja kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila kuacha doa. Kipimo hicho kifanywe kabla ya kutia oili, la sivyo doa litakuwa la oili na muuza mafuta atasingiziwa. Maji nayo huonekana kwenye chupa ya kioo, yakikaa chini ya petroli kama uji uliotengana. Jerikeni iliyoachwa nje usiku wa mvua inatosha kuyaleta.

Oili ina hesabu yake. Injini nyingi za aina hii zinataka sehemu moja ya oili kwa hamsini za petroli, yaani mililita 400 katika jerikeni ya lita 20, ingawa ziko modeli zenye kipimo tofauti; kitabu cha injini ndicho cha kuaminiwa. Anayezidisha kwa huruma anajaza plagi masizi. Anayebania anaua pistoni.

Ikiwa mafuta yanafika na ni safi, zamu ni ya moto. Injini ya silinda mbili inaweza kutembea kwa silinda moja, na wengi hawatambui. Husikia tu inatetema ikiwa taratibu na haina haraka ya kupanda. Plagi zikichomolewa zikawekwa bega kwa bega, husema wazi: moja ni kavu yenye rangi ya kahawia, nyingine nyeusi na imelowa. Hiyo iliyolowa imeletewa petroli lakini haikupata cheche. Plagi mpya ni jaribio la bei ndogo kuliko yote yanayohitaji pesa. Ni baada ya hapo tu ndipo geji ya mgandamizo inapotolewa kwenye sanduku, na cha kutazama zaidi ni kama silinda hizo mbili zinakaribiana. Moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi, ringi au ukuta wa silinda umelika, na hapo fundi amepata ruhusa ya kufungua.

Sasa ile nyingine, inayopiga kelele nyingi na boti haisongi. Hapa kabureta isiguswe kabisa. Katikati ya rafadha nyingi kuna raba iliyobanwa kati ya chuma cha ndani na mabawa ya nje, kusudi ikipiga mwamba raba iteleze, gia zisalimike. Raba hiyo huzeeka. Boti ikiwa tupu inashika; ikipakia watu sita inateleza, injini inapaa, mabawa yanazubaa. Anayeshuku na achore mstari mmoja wa rangi kutoka chuma cha ndani hadi cha nje, aende mzunguko mmoja akiwa na mzigo, kisha atazame. Mstari ukikatika, pande zake mbili zikaachana, hukumu imetoka. Akiwa hapo achungulie pia nyuma ya rafadha: uzi wa wavu uliojizongomeza huko hukata sili ya shafti, na maji yakiingia kwenye oili ya gia huigeuza rangi ya maziwa.

Lipo pia suala la joto, nalo halihitaji maneno mengi. Kijimkondo cha maji kinachochuruzika nyuma ya injini kikiwa hafifu au kimekatika, izimwe papo hapo. Impela ya raba inayovuta maji ya kupoza imekwisha, au tundu limezibwa na tope.

Kuna nguvu nyingine inayopotea bila kitu chochote kuharibika, na hii ndiyo itakayowagombanisha watu wa Ukambani na wauzaji wa pwani. Injini huvuta hewa, na hewa hupungua uzito kadiri ardhi inavyoinuka. Kwa kukadiria, injini ya kabureta hupoteza asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Masinga likijaa, uso wake uko mita 1,056 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko kwenye zaidi ya mita 1,130, kwa hiyo injini ya Homa Bay imeshazoea hewa nyepesi. Lakini injini ya farasi 40 iliyojaribiwa Mombasa mbele ya mnunuzi, ikaruka juu ya mawimbi, itafika Masinga ikiwa na farasi 36 hivi. Kabureta yake, iliyopimwa kwa hewa nzito ya pwani, itamwaga petroli nyingi kuliko inavyohitajika huku juu, na plagi zitakuwa nyeusi. Mnunuzi atasema ametapeliwa. Muuzaji ataapa ilikuwa nzima. Wote wawili watakuwa wanasema kweli, na fundi aliye katikati yao atafungua silinda zisizo na kasoro.

Dawa yake ni jeti (tundu la kupitishia petroli) ndogo zaidi kwenye kabureta, pamoja na rafadha yenye pichi, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja, ndogo kuliko ile ya pwani, ili injini iliyopungukiwa pumzi iweze kuizungusha hadi mwendo wake kamili. Vipimo vya rafadha kwa kawaida vimegongwa kwenye chuma chake, namba mbili kwa inchi: ya kwanza upana, ya pili pichi. Yeyote wa Makueni au Kitui anayeteremka Mombasa kutafuta injini ya mtumba na aende na fundi wake, aifute rafadha grisi, na kabla ya kutaja bei aisome hiyo namba ya pili.