Ukuta wa Njiani na Haki ya Kuulizwa

(Mazungumzo na viongozi wa walei, Buganguzi)





1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumze juu ya wazo lililoletwa na vijana wetu, la kuchora picha kwenye ukuta wa nje wa ukumbi, upande unaotazama njia. Wengine mmelipokea kwa furaha. Wengine mmeuliza, tena kwa haki, itakuwaje tununue rangi na hali paa linavuja. Sikuja kuushindia upande mmoja. Nimekuja kusema jambo moja: picha ya hadhara huanza kuwa ya haki au ya dhuluma kabla brashi haijachovywa, kutegemea ni nani walioulizwa na ni nani walioachwa.

2. Tuliyoyarithi

Sanaa ya hadhara si jambo geni kwetu. Wazee wetu wanawakumbuka wapiga nanga waliosimulia habari za watawala na mashujaa wa Wahaya. Mpiga nanga hakujifungia chumbani. Aliimba mbele ya watu walioijua habari ile, nao ndio waliokuwa waamuzi wake.

Hata Kanisa limewahi kujifunza kwa namna hiyo. Kule Bujora, karibu na Mwanza, katika miaka ya 1950, Padre David Clement wa shirika lile lile la Wamisionari wa Afrika lililofungua misioni ya Kashozi mwaka 1892, alishirikiana na Wasukuma kujenga kanisa la mviringo lenye alama za utemi wao. Wasukuma waliingia humo wakaona vitu walivyovijua.

Tunayo pia mahali pa kumbukumbu. Kaboya, hapa wilayani Muleba, wamelala askari waliofariki katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Igoma, Mwanza, upo mnara wa wale waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Apitaye pale hupunguza mwendo, hata asiyejua kusoma. Hiyo ndiyo nguvu ya kitu kilichowekwa hadharani, na kwa sababu ya nguvu hiyo yatupasa kuwa waangalifu.

3. Picha iliyowekwa bila kuuliza

Mkoa wetu wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata yalikuja mabango na michoro mingi ya kuonya. Nakumbuka ukuta mmoja wa zahanati, katika kijiji nisichopenda kukitaja, uliochorwa mtu aliyekonda mifupa, na pembeni yake jeneza. Waliouchora walikuwa na nia njema. Walikuja asubuhi, wakaondoka jioni.

Mama mmoja mjane, ambaye mumewe alikuwa amezikwa miezi michache kabla, alikuwa akipita pale kila alipompeleka mtoto kliniki. Alianza kuzungukia njia ya nyuma, migombani. Nilipomwuliza sababu, alinijibu: “Mwalimu, wamemchora baba wa watoto wangu, wala hawakunibishia hodi.” Sina neno la kuongeza juu ya jibu hilo. Mchoro uliokusudiwa kuokoa maisha ulimfukuza mgonjwa kwenye njia ya zahanati.

4. Walioanza kwa kusikiliza

Sasa tutazame mifano ya namna nyingine. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walifanya kazi katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba. Hawakufika na mchezo ulioandikwa tayari. Walikaa na wanakijiji, wakauliza ni jambo gani linalowasumbua. Lililojitokeza ni wasichana wa shule kupata mimba. Wanakijiji wakalitungia ngoma na maigizo, wakayaonyesha mbele ya wote, na baada ya onyesho wakajadiliana hadharani jambo ambalo kila nyumba ilikuwa imelificha.

Mfano wa pili ni wa Kibera, Nairobi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani wa Kenya waligeukiana, na watu zaidi ya elfu moja wakauawa. Mchoraji Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, alichukua rangi akaandika kwenye kuta na mabati ya mtaa aliokuwa akiishi kwamba amani inatafutwa ikiwa hai, kama vile mtu anavyotafutwa na polisi. Hakutumwa kutoka mbali. Aliandika mahali ambapo yeye mwenyewe angelala usiku ule, na waliosoma walimjua.

5. Ukuta wetu useme nini?

Hilo mtaliamua ninyi. Lakini kwa kuwa nazungumza kwa niaba ya Haki na Amani, niruhusuni nitaje jambo moja linalolia katika vijiji vyetu: mjane na binti kunyang’anywa kibanja mara tu msiba unapoisha.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza iliamua shauri la Ephrahim na Pastory, lililotoka huku kwetu Kagera. Mwanamke alikuwa amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza, na ndugu wa kiume akapinga kwa kutegemea mila ya Kihaya. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke anayo haki ya kuuza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Ni wangapi kati yetu wanaoyajua hayo? Hukumu imelala katika makabati ya mahakama, na mjane anafukuzwa huku njiani. Ukuta waweza kuileta hukumu hiyo mahali ambapo mjane anapita.

6. Mambo ya kuzingatia

(a) Waulizwe kwanza wale ambao picha itawagusa: wajane, yatima, wagonjwa. Waulizwe faragha, kwani mkutanoni wenye sauti ndogo hunyamaza.

(b) Njia ni ya wote. Ndugu zetu Walutheri, Waislamu na serikali ya kijiji washirikishwe, maana nao wataitazama picha hiyo kila siku.

(c) Picha ionyeshe tendo, isimwonyeshe mtu. Tukimchora jirani anayetambulika kuwa ndiye mnyang’anyi, tutakuwa tumetoa hukumu bila kumsikiliza, na tutaamsha ugomvi badala ya amani.

(d) Vijana wachore kwanza kwenye karatasi, na kila jumuiya iione na kuirekebisha.

(e) Kazi ifanyike kati ya Juni na Agosti, mvua zikiwa zimepungua, na lipu iwe imekauka kabisa. La sivyo rangi itabambuka kuanzia chini. Ateuliwe pia mtu wa kuutunza ukuta.

7. Hitimisho

Narudi kwenye paa. Waliosema paa litangulie wamesema kweli, nami nawaunga mkono. Lakini kuulizana hakugharimu hata shilingi. Tuanze mazungumzo sasa, wakati mabati yanatafutwa. Paa likiisha kuezekwa, tutakuwa tumekwisha kujua tunataka kusema nini. Na ikiwa hatukuafikiana, basi ukuta na ubaki mweupe mpaka tuafikiane. Afadhali ukuta mweupe kuliko picha inayomfanya mama azungukie migombani.



Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika kijiji chetu kuna bango au picha inayomwumiza mtu? Tumewahi kumwuliza?
2. Ni wajane wangapi katika jumuiya yetu wanaozijua haki zao juu ya kibanja?
3. Nani atakwenda kuzungumza na wale wasiohudhuria mikutano, na lini?