Hewa ya Chini: Hotuba kwa Wahitimu wa Kemia, Lac Vert



Tumekutana Lac Vert kwa sababu. Nyuma ya nyumba hizi, kwenye mashimo ya mawe ya volkano, kuna kitu ambacho wazee wetu walikipa jina kabla hajafika mtu na vipimo: mazuku.

Mmejifunza kwamba kaboni dioksidi, gesi iliyomo katika mazuku, ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Hapa uzito huo huua. Gesi hutoka kwenye nyufa za ardhi, haina rangi wala harufu, na usiku upepo ukitulia hujaa shimoni kama maji. Mtu mzima aliyesimama pembeni huenda akapumua vizuri tu; mbuzi aliyeshuka kula majani anaanguka, na mtoto aliyeinama kuokota kuni hainuki tena. Hewa ya kawaida ina asilimia 0.04 ya gesi hii. Kwenye mashimo ya huku imepimwa ikapita asilimia 10, kiasi cha kumzimisha mtu kwa dakika chache. Jua likipanda na upepo ukirudi, shimo lile lile huonekana halina neno. Hapo ndipo mgeni anapodanganyika, na Lac Vert imepokea wageni wengi: watu waliokimbia vita, wakapiga hema popote palipobaki wazi.

Huko juu, volkano ya Nyiragongo inatoa dioksidi ya salfa. Ikiwa hewani hugeuka asidi, ikashuka na mvua. Majani ya maharage yanaungua, mabati yanaliwa na kutu. Floridi nayo huingia katika maji ya mvua tunayokinga, na watoto wanaoishi karibu na mlima wanabaki na meno yenye madoa ya kahawia. Watafiti wa Observatoire Volcanologique de Goma, kituo cha kuchunguza volkano, wanaupima moshi wa mlima huo, nao waliishuhudia lava ikishuka 2002 na tena 2021. Ni wachache mno kwa mlima kama huu.

Kwa hiyo nawaomba, wanangu: vipimo vyenu visiishie kwenye ripoti ya Kifaransa. Mama anayeteka maji alfajiri hana nafasi ya kuisoma. Mfuateni alipo, mwambieni kwa Kiswahili, kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda: shimo hili, saa hizi, usimtume mtoto.